Ukiuza maharagi yote, mama ataloweka nini?



Siku hizi tulifanya mafunzo ya siku mbili mu sali yetu, juu ya kutunza vizuri mali ya nyumba na kutotupa vitu bure. Wamama walikuwa 38. Wababa tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa pale juu ni mimi niko na kifungulo cha sali. Wa pili alisinzia tangu asubui. Wa tatu alikuja kuuliza kama kuko feza ya transporti, akaambiwa hakuna, akaenda.

Mufundishaji alifundisha muzuri, sina neno naye. Alisema: funika sufuria wakati unapika. Loweka maharagi usiku, kesho yake yataiva mbio na utatumia makala kidogo. Ukimaliza kupika, zima makala yenye kubakia, itatumika tena. Maganda ya viazi na ya ndizi usitupe, pelekea nguruwe ao sungura. Hayo yote ni kweli. Na mu upande wetu makala si kitu cha kuchezea. Ili upate kilo moja ya makala mu tanuru ya udongo, unachoma kilo 5 mpaka 10 ya miti, na wote tunajua miti ile inatoka wapi: mingine mu mashamba yetu, mingine mu pori ya Kahuzi-Biega, park yenye iko mu orozo ya urizi wa dunia tangu 1980 na mu orozo ya urizi wenye hatari tangu 1997. Mama mwenye kuchunga makala anachunga ile pori pia.

Lakini mama mumoja aliinua mukono. Akasema: «Muzee, hayo yote tunayajua. Mie naloweka maharagi tangu niliolewa. Sasa, maharagi yenyewe ikiuzwa yote mu mwezi wa kwanza, nitaloweka nini?»

Sali yote ikacheka. Mufundishaji pia akacheka, kisha akageuza ukurasa. Mimi sikucheka sana, juu lile ulizo lilinipata.

Acha niseme ya kwangu. Mu mwaka moja, mavuno ya musimu A ilikuwa mazuri kwetu. Tulipata saki tatu za maharagi na kidogo juu. Mimi nikauza saki mbili pale pale, mu juma la pili kisha kuvuna, kwa muchuuzi mwenye alikuja na kamioneti mpaka mu kijiji. Bei ilikuwa chini, na nilijua iko chini. Kila mutu alikuwa anauza. Lakini kulikuwa ndoa ya ndugu yangu, na nilitaka kuonekana. Nilitoa mchango wa kukata mutu kauli, nikanunua na viatu. Siku ile watu walinipigia mikono.

Mu mwezi wa tatu tukakosa mbegu ya kupanda musimu B. Mu mwezi wa ine tukaanza kununua maharagi kwa soko ya Mudaka, murongo moja moja, sawa watu wa mujini. Siku moja bibi yangu alichukua kalamu ya mutoto, akahesabu nyuma ya kaye: feza ya saki moja tuliyouza mu mwezi wa kwanza ilikuwa inarudisha kidogo tu kupita nusu saki. Nusu nyingine nilikuwa nimeiacha kwa muchuuzi. Na yule muchuuzi hakuiba, asema kweli. Alinunua kwetu, akatunza, akangoja, akauza Kadutu. Alifanya kazi yenye mimi nilishindwa kufanya.

Hasara ile, bibi yangu angeweza kuirudisha na kufunika sufuria miaka mingapi? Nilijaribu kuhesabu, nikaacha.

Ndiyo maana naandika. Tukisema juu ya kupoteza vitu ovyo mu nyumba, macho yetu yote inaenda jikoni. Tunatazama mukono wa mama: ametia mafuta mingi, ametupa bugali ya jana, makala imewaka bure. Ni vitu vidogo, vya kila siku, na karibu wamama wote wanavichunga tangu zamani kuliko mufundishaji yeyote. Shimo kubwa liko kwa mulango mwingine. Liko pale mavuno inatoka mu nyumba, na kwa mulango ule ni sisi wababa tunasimama.

Nitasikia wababa fulani wanasema: «Tunauza juu ya shida. Minerval, dawa, deni.» Ni kweli, siwezi kupinga. Masomo ya msingi iko bure tangu 2019 lakini sekondari tunalipa, na mugonjwa hangoji bei ipande. Mimi sisemi usiuze. Nasema, kabla ya kuuza, kaa chini na mama na wakubwa wa nyumba, muhesabu. Tufanye mufano. Nyumba ya watu saba yenye kula vipimo viwili vya maharagi kwa juma. Toka katikati ya mwezi wa kwanza mpaka katikati ya mwezi wa sita, wakati mavuno ya musimu B inaingia, ni majuma karibu 22. Ni vipimo 44. Weka pembeni. Kisha weka mbegu. Ile inabaki, ndiyo ya kuuza, na hata hiyo si lazima itoke yote siku moja. Ikiwa shida ni ya dola kumi, uza ya dola kumi. Wengi wetu, mutoto akikosa dola kumi ya masomo, tunauza saki nzima, na ile inabakia mu mukono tunashangaa mangaribi imeenda wapi. (Kasiksi inajua.)

Kuko wengine wanasema jambo lingine, na hilo lina uzito: «Nikitunza, vidudu vitakula. Afazali niuze.» Tate yangu pia alikuwa anasema hivyo. Maharagi ukiyaacha mu saki ya kawaida, mu miezi mitatu unaona matundu na unga. Vidudu vile havitoki mu ukuta wa nyumba, sawa watu wanavyofikiri. Kuko aina inayotaga mayai tangu mu shamba, juu ya maganda yenye kukauka, na unaiingiza wewe mwenyewe mu nyumba pamoja na mavuno. Ukichelewa kuvuna na kupura, unaleta vingi zaidi.

Sasa, dawa yake si ngumu na wengi wenu muliiona kwa koperative. Kidudu kinapumua sawa sisi. Ukikinyima hewa, kinaacha kula, kisha kinakufa. Kuko zile saki za plastiki mbili za ndani na moja ya inje, zinaitwa PICS. Kazi yake ilianzia Kameruni mu miaka ya 1980, juu ya kunde, na wachunguzi wa chuo kikubwa cha Purdue cha Marekani walikuwa ndani. Ni nzuri, lakini inaombwa feza, na panya akiitoboa, imekwisha. Mie natumia bido. Bido ya lita 20 ya mafuta ya kula, iliyosafishwa na sabuni, ikakauka kabisa. Isiwe ya mazutu ao ya essence, usijaribu. Unajaza maharagi mpaka kwa shingo, unatikisa ili hewa itoke, unajaza tena, unafunga kifuniko na kipande cha mupira wa kinga. Usifungue majuma ya kwanza. Mukiwa na bido ine, munafungua moja, munaikula mpaka iishe, zile tatu zinabaki zimefungwa. Ndiyo maana bido ndogo kadiri inapita pipa moja kubwa: kila ukifungua, unaingiza hewa.

Lakini maharagi yenye maji ndani yake, ukiyafunga hivyo, yataoza. Kwa kujua, hauhitaji mashini. Twaa chupa iliyokauka, tia maharagi kadiri ya robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, rudisha maharagi kwa jua. Ikianguka yote chini, funga bido.

Kwa mbegu, majivu ya zamani inasaidia pia, ao mafuta ya kula kidogo sana, kadiri ya kijiko kidogo kwa kilo, ukichanganya mpaka kila mbegu ingae. Kitu chenye naomba musifanye ni kununua vidonge vya dawa kwa soko na kuviweka mu chumba chenye watoto wanalala. Vile vidonge vinatoa moshi wenye hauonekani, na ule moshi unaua watu. Maharagi ya kuliwa na vidudu yanaweza kununuliwa tena.

Ona pia jambo hili, wamama mutalijua mbele yangu: maharagi yenye kutunzwa vibaya, mu joto na unyevu, yanakuwa magumu. Unapika toka saa sita mpaka saa kumi na moja na bado yanakataa. Basi makala yenye mama alichunga mwezi muzima inakwisha siku moja mbili juu ya kosa lililofanywa mu gala. Jiko na gala ni nyumba moja.

Nirudi kwa kifungulo. Wengi wetu hapa tuko mu AVEC. Munajua sanduku yetu: iko na kufuli tatu, na vifungulo vitatu viko kwa watu watatu, na hakuna mumoja wao anaweza kufungua peke yake. Kwa nini tuliitika hivyo? Si juu tunasema mwenye kifungulo ni mwizi. Ni juu mutu yeyote, hata muzuri, ikifika jioni moja ya shida ao ya sifa, mukono wake unaweza kuingia. Tunajua hivyo juu ya feza ya kikundi, na hakuna anayekasirika. Lakini gala ya nyumbani, yenye kuwa na mali kupita sehemu zetu za AVEC za mwaka muzima, inafunguliwa na mutu mumoja, saa yoyote, na mama anaambiwa kisha. Ao anajionea mwenyewe, akienda kuchota.

Kwangu tuliweka kufuli mbili. Bibi yangu iko na kifungulo chake, mimi na changu. Mwanzoni ndugu zangu walinicheka asema nimetawaliwa. Kaka yangu mukubwa aliuliza kama nitaomba ruhusa pia ya kuvaa suruali. Nilimujibu, tungoje mwezi wa ine.

Kuna sababu nyingine ya kusema haya leo. Mu mwezi wa pili wa 2025 mabanki ya Bukavu ilifunga milango, na watu wenye kuwa na feza ndani walibaki na karatasi ya kuonyesha. Wenye kulipwa mushahara waliteseka na njaa wakiwa na feza ndani ya banki. Mukulima hakuwa na banki hata mbele ya hapo. Lakini mwenye alikuwa na bido tano za maharagi chini ya kitanda alikula, na alipotaka chumvi na sabuni alipima vipimo viwili, akauza. Mwenye aliuza yote mu mwezi wa kwanza alikuwa sawa muntu wa mujini, tena bila mushahara.

Koperative pia iko na kazi yake hapa, nisiwachume wababa peke yao. Tunawaomba wamemba walete mazao yote siku moja juu ya kujaza kamioni, na tunawalipa bei ya siku ile. Tungeweza kupokea nusu, na nusu nyingine kuitunza mu depo mpaka bei ipande, huku mwenye shida anapata avansi kidogo juu ya saki yake. Depo iko. Leo ndani yake kuko viti vibovu na bango za mikutano ya zamani. Kamati itasema kunahitajika mulinzi, vitabu vya kuandika, na mutu wa kuhakikisha saki ya kila mumoja. Ni kweli, na wengi tungelipa kipimo kimoja kwa saki juu ya kazi hiyo, mimi wa kwanza.

Kwa mukutano mukubwa unaokuja nitaleta maombi mawili. La kwanza ni hilo la depo. La pili, mafunzo yoyote juu ya kutunza nyumba, barua ya kualika iandikwe majina mawili, bwana na bibi, na mwenye atakuja peke yake bila sababu arudi kumutafuta mwenzake. Yule mama wa sali ameitika kuja kusema naye. Nimemuomba arudilie ulizo lake vile vile, mbele ya wababa.