Madaftari ya ushirika yaokolewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazee wa makanisa yetu ya Moravian hapa Suma na Rungwe nzima. Ushirika mmoja wa kijijini unahifadhi daftari la ubatizo ndani ya sanduku la bati, sakafuni. Kwa mvua zetu hizi kurasa zimegandana na wino umesambaa: jina la mbatizwa unalisoma, la wazazi wake hulioni tena.

Wamoravian walifungua kituo cha misheni cha Rungwe mwaka 1891, na maandishi ya wamisionari Wajerumani yametunzwa vizuri kule Herrnhut, Ujerumani. Lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari hao, makanisa ya vijijini yalibaki mikononi mwa Wanyakyusa wenyewe. Nani aliongoza ibada? Nani alifundisha watoto? Hayo Wajerumani hawakuwepo kuyaandika. Tutayapata wapi, kama si kwenye madaftari yetu na kwa bibi zetu waliosimuliwa na wazazi wao?

Wenzetu wa Kanisa la Mennonite, lililoanzia Shirati mwaka 1934, walimwahi Askofu Zedekia Kisare akiwa hai. Simulizi la maisha yake likatoka kama kitabu mwaka 1984. Hongera zao.

Siombi jumba la makumbusho. Naomba kabati lenye miguu, kijana mwenye simu apige picha kila ukurasa, na Jumapili moja baada ya ibada wazee wasimulie kwa Kinyakyusa, warekodiwe. Mchungaji unayesoma barua hii, tafadhali fungua sanduku la ushirika wako kabla masika hayajaanza.

Msomaji wako,
Suma, Tukuyu