Shuka mbili na nauli

Kijana wako aliyemaliza kidato cha sita ameitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Orodha ya vifaa ni fupi; miongoni mwake: bukta ya bluu, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, vyeti, nauli, na nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Rozari haimo, lakini inaenea mfukoni. Wapo wazazi wanaofungasha sanduku zima. Yesu aliwatuma Thenashara hata bila mkoba (Mk 6:8-9). Ila katika jumuiya yako yupo mama ambaye nauli tu inamkosesha usingizi, na haya inamziba mdomo. Usingoje aombe. Jumamosi ijayo, baada ya sala, mwulizeni mwanawe anavaa raba namba ngapi.