Kuku Wakianza Kufa, Usiwatume Mjini

Asubuhi moja nilifika kituo cha mabasi hapa Nairobi kupokea mzigo kutoka kwa shangazi yangu wa Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Lilikuwa katoni lililotobolewa matundu, na ndani yake majogoo wawili. Mmoja alikuwa akisinzia, mabawa yameanguka. Nikapiga simu kushukuru.

"Wachinjeni leo leo, mwanangu," shangazi akanijibu. "Huku wameanza kufa. Nimeona heri mle nyinyi kuliko waharibike bure."

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Kwake, na kwa akina mama wengi wa Homa Bay na Migori, kuku kufa kwa misimu ni jambo lililozoeleka. Ugonjwa wa Newcastle, ambao ndugu zetu Watanzania huuita kideri au mdondo, huingia bomani na kuacha manyoya tu. Kwa hivyo hakuna anayeuliza. Mgonjwa huchinjwa, na mzima hukimbizwa sokoni kabla hajaambukizwa.

Hapo ndipo hatari ilipo, msomaji. Homa ya ndege huanza vivyo hivyo: kuku hufa ghafla na kwa wingi, huhema kwa shida, hupunguza mayai, kichwa huvimba na upanga wake huwa wa rangi ya samawati. Hata daktari wa mifugo hawezi kuapa kwa kutazama tu. Ni lazima sampuli ipimwe kwenye maabara, kama ile ya serikali iliyoko Kabete.

Je, hii ni hofu ya bure? Mnamo Januari 2017, Uganda ilitangaza homa ya ndege ya aina ya H5N8. Ndege wa porini walikutwa wamekufa ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, na bata na kuku wa kufugwa wakafa upande wa Masaka. Kenya ikapiga marufuku kuku wa kutoka Uganda. Lakini ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hawajui marufuku. Ziwa ni lile lile la Victoria, liwe Entebbe, Mbita au Muhuru Bay.

Aina nyingine, H5N1, imewahi kuua watu. Huko Hong Kong mwaka wa 1997, watu 18 waliugua na 6 wakafariki. Nyama iliyoiva vizuri haina neno. Hatari iko kwa yule anayemshika kuku mgonjwa, anayemchinja na kumnyonyoa, na mara nyingi huyo ni mama au mtoto.

Tufanyeje basi? Kwanza, kuku wachanjwe dhidi ya Newcastle. Chanjo hiyo haizuii homa ya ndege, lakini ina faida ya pili: kuku waliochanjwa wakianza kufa kwa wingi, mwenye boma atajua kuna jambo geni. Pili, wakifa, asiwauze, asiwachinje, wala asiwatupie mbwa. Amwite afisa wa mifugo, au amwambie chifu, siku hiyo hiyo, ili sampuli ichukuliwe. Baada ya hapo mizoga ifukiwe katika shimo refu.

Ni rahisi kusema, najua. Shangazi aliponisikiliza aliniuliza swali moja: "Wakija wakiwaua kuku wangu wote, karo ya watoto nitaitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Mama anayeamini kwamba kuripoti ni kujifilisi atanyamaza, na ugonjwa utapanda basi la usiku pamoja na kuku wake. Serikali ikitaka habari mapema, iseme mapema pia jinsi mfugaji atakavyofidiwa.

Nasi wa mjini tuna sehemu yetu. Ukiletewa kuku kutoka nyumbani, uliza wenzake wana hali gani. Ukisikia wanakufa, usicheke wala usiwashe jiko. Mhimize aliyekutumia apige ripoti, na ikibidi mtumie nauli ya kumfuata afisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Majogoo wale hatukuwala. Tukutane Jumapili ijayo.