Acheni Kuwacheka Waliopigia Brexit Kura

Kila nikiposti kitu kuhusu Uingereza, hakosi mtu wa kuniandikia, "Si walijitakia? Mchuma janga hula na wa kwao." Halafu vikatuni vya kicheko kumi. Naelewa. Ni tamu kuona nchi iliyotutawala ikijikwaa. Lakini wasee, hicho kicheko kinawafaa watu fulani, na watu hao si mimi wala wewe.

Tuanze na namba. Tarehe 23 Juni 2016, watu milioni 17.4 walipiga kura Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Milioni 16.1 walitaka ibaki. Asilimia 52 kwa 48 hivi. Tangu siku hiyo, waliokasirishwa na matokeo wametuuzia stori moja: hao milioni 17 ni wazee wabaguzi wasiosoma. Wabaguzi walikuwemo, sikatai. Lakini mtu akikwambia nusu ya nchi iliamka siku moja ikiwa jinga, jua hataki uulize nchi hiyo ilikuwa inakula nini, na kazi ilikuwa ya aina gani.

Hebu twende Shirebrook, mji mdogo kule Derbyshire. Kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, ukafungwa 1993. Kazi ya mgodi ilikuwa ngumu na ya hatari, lakini ilikuwa kazi: chama cha wafanyakazi, pensheni, mtu anajua mwezi ujao analipwa. Pale pale kwa shamba la mgodi likajengwa ghala kubwa la Sports Direct, wale wa kuuza viatu na nguo za michezo. Kazi ikarudi. Sasa sikiliza ni kazi gani.

Zaidi ya watu 3,000 waliletwa na mawakala. Mkataba ulikuhakikishia saa 336 kwa mwaka. Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii naiweza: ukifanya saa 40 kwa wiki, hizo saa zinaisha wiki ya tisa. Baada ya hapo mwajiri hana deni nawe. Akikuita unakuja, asipokuita unakaa. Sisi hiyo kitu tuna jina lake tangu zamani. Inaitwa kibarua.

Na si hayo tu. Ukikaa chooni muda mrefu, alama. Ukipiga stori, alama. Ukiugua ukakosa kazi, alama. Alama sita ndani ya miezi sita, umepigwa kalamu. Zamu ikiisha unapanga foleni upekuliwe kama mwizi, na dakika hizo hazilipwi, mpaka malipo yakashuka chini ya kima cha chini cha sheria. Ambulensi ziliitwa hapo zaidi ya mara 100 kwa miaka mitatu na kitu. Mama mmoja alijifungua chooni. Mwenye kampuni, Mike Ashley, alikubali mambo ya malipo mbele ya wabunge tarehe 7 Juni 2016. Hiyo ni wiki mbili na siku chache kabla ya kura. Ripoti ya wabunge ilipotoka Julai, ikafananisha mahali hapo na zile nyumba za kufanyisha maskini kazi za enzi ya Malkia Victoria.

Shirebrook iko wilaya ya Bolsover. Bolsover ilipiga kura ya kutoka kwa asilimia 70 na zaidi. Bado unacheka?

Sasa hapa ndipo mchezo ulipochezwa. Wafanyakazi wengi wa ghala lile walitoka Poland na nchi zingine za Ulaya Mashariki. Mzee aliyekuwa mgodini anaangalia nje: zamani ilikuwa kazi yetu, leo kazi ni mbovu na anayeifanya ni mgeni. Anakuja mwanasiasa aliyesomea shule za matajiri, anamwekea mkono begani, anamwambia: unaona huyo Mpolandi? Ndiye shida yako. Na aliyemleta ni Brussels.

Uongo. Tena uongo wa mchana. Hebu tuulize, ule mkataba wa saa 336 uliandikwa na nani? Si Mpolandi. Nani aliruhusu mikataba ambayo mwajiri hakuahidi hata saa moja? Ni sheria za London. Mwaka huo wa 2016 watu karibu 900,000 Uingereza walikuwa kwa mikataba kama hiyo. Na nani mnamo Julai 2013 aliweka ada mpaka pauni 1,200 ili mfanyakazi aliyeonewa aruhusiwe kumshtaki mwajiri? Serikali ya David Cameron, pale pale London. Mashtaka yakaanguka vibaya mno, kwa sababu mtu aliyefutwa kazi anatoa wapi pauni 1,200? Ile sheria ya kutomlazimisha mtu kufanya kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki na kumpa likizo ya kulipwa, iliyoanza huko mwaka 1998, ndiyo iliyotoka Ulaya.

Kwa hivyo mtu aliumwa na mbwa wa nyumbani kwake, akapewa rungu, akaonyeshwa mbwa wa jirani.

Mnakumbuka lile basi jekundu? Lilizunguka nchi nzima limeandikwa kwamba Uingereza inapeleka pauni milioni 350 Ulaya kila wiki, afadhali zipelekwe hospitalini. Namba yenyewe haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilipewa, na mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ikalisema hilo wazi. Lakini mimi kilichoniuma zaidi ni kile ambacho basi halikusema. Hakuna basi lililozunguka likiahidi kufuta kazi za kibarua. Walipiga kelele "turudishe mamlaka yetu." Mamlaka kwa nani, hawakufafanua.

Tarehe 17 Machi 2022 tukafafanuliwa. Uingereza imeshatoka Ulaya, mamlaka yote yako London. P&O Ferries, kampuni ya meli za kuvusha watu na malori, ikawafuta kazi mabaharia karibu 800 kwa video. Video iliyorekodiwa! Mahali pao wakaletwa watu wa wakala kwa wastani wa pauni 5.50 kwa saa, wakati kima cha chini cha nchi kilikuwa pauni 8.91. Wiki moja baadaye mkurugenzi, Peter Hebblethwaite, akaketi mbele ya wabunge akakubali kwamba sheria iliwataka wazungumze kwanza na vyama vya wafanyakazi, na wao wakaamua kutofanya hivyo. Kwa nini? Kwa sababu kulipa fidia ni rahisi kuliko kutii. Agosti mwaka huo wachunguzi wakasema hakutakuwa na kesi ya jinai. Mwenye P&O ni DP World ya Dubai, hao hao waliosaini mkataba wa bandari ya Dar es Salaam Oktoba 2023. Wenzetu Watanzania, someni hiyo stori ya P&O mara mbili.

Najua kuna atakayesema, "Lakini si ni kweli wahamiaji wanashusha mishahara?" Bana, mshahara unashushwa na anayelipa. Mtu asiyeweza kukataa kazi atalipwa kidogo, awe Mpolandi, Mkenya au mjukuu wa mchimba makaa. Dawa ni kumpa uwezo wa kukataa. Na ushahidi upo. Zile ada za mahakama hazikuondolewa na Brexit. Ziliondolewa na chama cha wafanyakazi, Unison, kilichoshinda Mahakama ya Juu Julai 2017. Madereva wa Uber waliambiwa miaka yote kwamba wao ni wafanyabiashara wa kujitegemea. Wawili wao, Yaseen Aslam na James Farrar, wakaenda kortini, na Februari 2021 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakasema: hawa ni wafanyakazi, wapewe kima cha chini na likizo ya kulipwa. Hakuna aliyefukuzwa nchini ili hao washinde.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu hapa ndipo kicheko kinatutokea puani.

Wazungu wa Ulaya Mashariki walipofungiwa mlango, zile kazi ngumu hazikuisha. Wazee wa Uingereza bado wanahitaji kuogeshwa na kulishwa. Februari 2022 London ikafungua viza kwa watunza wazee kutoka nje, na kati ya walioenda wamo Wakenya. Mnajua tofauti yetu na yule Mpolandi? Mpolandi akionewa ghalani angeweza kuacha kazi asubuhi na kutafuta nyingine jioni. Viza ya mtunza wazee imefungwa kwa mwajiri. Ukimwacha au akikuacha, unapewa siku 60 upate mwingine mwenye kibali, la sivyo ubebe sanduku lako.

Waulizeni mababu zenu hiyo inaitwaje. Kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika hapa Kenya alivaa kipande shingoni, na hakuweza kumwacha mzungu wake mpaka mzungu asaini. Karne moja baadaye, kipande kimekuwa cha kielektroniki.

Na bado lawama zikahamia kwetu. Machi 2024 watunza wazee wakakatazwa kwenda na wake, waume na watoto wao. Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa wanaoomba kutoka nje. Wimbo ule ule aliopigiwa Mpolandi mwaka 2016, leo anapigiwa dadangu na dadako.

Ndiyo maana nasema tuache kucheka. Yule mzee wa Bolsover alikuwa na hasira ya haki kabisa, ikaibwa na watu waliokuwa upande wa mwajiri wakati wote. Na usidhani huo ujanja ni wa Uingereza pekee. Mwanasiasa yeyote, wa huko au wa hapa, akikuonyesha jirani yako kwamba ndiye anakula kazi yako, mwulize swali moja tu: mkataba wangu uliandikwa na nani? Akianza kubadilisha mada, umeshamjua.