Vinyoya na upepo wa Makambako
Mpira wa vinyoya hautaki gharama kubwa: raketi, wavu wa mita 1.55 nguzoni, na uwanja wa mita 13.40 kwa 6.10, mkicheza wawili wawili. Seti ni pointi 21, mshindi apate mbili kati ya tatu. Adui ni upepo. Kinyoya chenyewe, manyoya 16 ya bata au bata bukini yaliyochomekwa kwenye kizibo, hakifiki hata gramu sita. Kipige hapo Makambako, mji ambao upepo wake umewahi kuingizwa kwenye mipango ya kufua umeme, ukakiokote upande wa pili wa reli ya TAZARA! Njombe mjini kuna la ziada. Kule juu, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi na kinyoya hukimbia zaidi kuliko Dar es Salaam, hivyo nunueni vile vya mwendo wa polepole. Halafu ile baridi ya Juni inawafungia watu ndani jioni nzima. Wenye kumbi za shule na makanisa, tunaomba funguo tuchezee ndani.