Akiba Imefungwa Sacco, Deni Liko Kwa Kadi: Nani Anakula Hapo Katikati?

Ingia kwa meseji zako saa hii, utafute ile ya benki inakuambia umechaguliwa. Ukiwa na kazi inalipa kwa akaunti, hata kama ni ya kuandika stori kama mimi, lazima iko. Unapewa kadi ya krediti, na juu yake unaahidiwa kashibaki: ukinunua kitu na hiyo kadi, asilimia moja ya bei inarudi kwako. Kwa masikio ya mtu amesota, hiyo ni kama kulipwa ndio ukule.

Mimi niliichukua. Nikaanza kuishi nayo nikiwa na zaidi ya laki moja yangu mwenyewe, imekaa mahali naiona na siwezi kuigusa. Na najua si mimi peke yangu, ju kila nikiguza hii stori kwa mbogi, kuna mtu anacheka ile kicheko ya mtu amechomeka.

Wacha nianze na Sacco.

Mathe alinilipia chuo na mkopo wa Sacco. Nikaacha mwaka wa pili (tafadhali, usinitumie mawaidha, nimeyasikia yote kwa shangazi zangu). Kitu sikujua nikiacha ni kwamba mkopo hauachi chuo. Mathe aliendelea kukatwa kwa mshahara miaka mingine miwili, analipia masomo hakuna mtu anasoma. Hakuwahi kuniambia. Nilikuja kuona karatasi ya mshahara wake juu ya meza, nikasoma mstari kwa mstari, chai ikapoa.

Kwa hivyo nilipopata kazi ya kwanza ya kuandikwa, katikati ya 2021, kitu ya kwanza nilifanya ni kuingia Sacco ya pale kazini na kuweka thao tatu kila mwezi. Mwisho wa 2024 nilikuwa nimefikisha Sh126,000. Kwa mtu wa rika yangu, maze, hiyo si pesa ya kuchezea.

Na tuseme ukweli, hesabu ya Sacco ni tamu. Ukishakaa miezi kadhaa, Sacco nyingi zinakupa mkopo mpaka mara tatu ya akiba yako, kwa riba inayocheza hapo 1% kwa mwezi, na inahesabiwa kwa deni limebaki tu. Mwaka ukiisha unapata gawio la hisa na riba ya akiba. Hakuna msee wa programu ya mikopo ya simu anaweza simama hapo.

Shida inaanza ukitaka kutoa. Sisi tunaita akiba, lakini kwa macho ya Sacco hiyo ni dhamana. Ndiyo inawafanya walale usingizi wakikukopesha, na wakikopesha wenzako. Ndio maana huwezi kuamka Jumamosi ukatoa thao kumi za kwenda Naivasha.

Nilihama kazi, nikataka kuhama na Sacco pia. Kuna ingine mabeshte wangu wako, programu yao ya simu inafanya kazi na gawio iko juu. Nilidhani ni kama kuhamisha laini: namba inabaki, mtandao unabadilika. Zii. Akiba haitoki Sacco moja ikaingia ingine moja kwa moja. Unaandika barua ya kujiondoa, unangoja, mara nyingi siku 60, unamaliza mikopo yako yote, unarudishiwa akiba, halafu unaenda kuanza huko kwingine kama mgeni. Hisa nazo hazirudishwi. Unatafuta mwanachama mwingine wa kuzinunua.

Hayo yote ningevumilia. Lakini kwa ile fomu kuna mstari nilikuwa nimesahau: lazima usiwe umedhamini mtu mwenye bado ana deni.

2023, tukiwa kwa kibanda tunakula chapo madondo, msee wa kazini alinipea karatasi nisaini. Dakika mbili. Sikuuliza anakopa ngapi wala ya nini. Alikuwa mtu poa, bado ni mtu poa. Alilipa vizuri mpaka kampuni ikapunguza watu na yeye akawa kwa ile orodha. Mkopo ukaanza kulala. Karani wa Sacco alinieleza bila hata kuinua macho: tafuta mwanachama mwingine achukue nafasi yako, ama mngojee amalize. Wewe jaribu kumpigia mtu simu umwambie, "Boss, kuna deni la mtu hana kazi, ningependa ulibebe." Utajua nani anakupenda.

Mathe ndiye peke yake alisema atasaini. Lakini yeye ni wa Sacco ingine, hakubaliwi.

Sasa hapo ndio kadi iliingia. Nilikuwa nimeiweka kwa droo tangu kazi ya zamani. Kazi mpya ikachelewesha mshahara wa kwanza, skrini ya laptop ikafa wiki hiyo hiyo, na mwenye nyumba hajui lugha ya "nivumilie". Kukopa Sacco sikuweza, akiba yangu ilikuwa imebeba mzigo wa mwenyewe. Nikatoa kadi.

Cheki hesabu pole pole, ju hapa ndio wengi tunaruka. Nilinunua vitu vya Sh30,000: supermarket, intaneti, skrini. Kashibaki 1%, hiyo ni Sh300. Nikafurahi kweli, nikapiga picha ya skrini nikatuma kwa grupu. Lakini rent hailipwi na kadi. Mwenye nyumba ana paybill, anataka M-Pesa. Kwa hivyo nilienda ATM nikatoa Sh20,000 na hiyo hiyo kadi. Kutoa pesa taslimu hakuna kashibaki. Kadi yangu ilikata 5% ya kutoa tu, Sh1,000, na riba ikaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Zile siku karibu hamsini unaambiwa hakuna riba ni za kununua vitu, si za kutoa pesa.

Mwisho wa mwezi deni ni Sh50,000 na sikuwa nayo. Nikalipa kile kiwango cha chini walisema, 10%, nikajiona nimetimiza wajibu. Riba ilikuwa 3% kwa mwezi, Sh1,500 hivi. Kwa hivyo mwezi mmoja nimetoa Sh2,500 za riba na ada, nikarudishiwa mia tatu. Kila shilingi moja walinipa, nane na kitu ziliondoka kwa mlango wa nyuma. Na ya zile Sh5,000 nililipa, 1,500 hazikuguza deni lenyewe hata kidogo. Mkopo kama huo kwa Sacco, ya 1%, riba ya mwezi wa kwanza ingekuwa Sh500.

Sasa hiyo kashibaki inatoka wapi? Benki haichapishi pesa za zawadi. Ukipitisha kadi dukani, mwenye duka anakatwa asilimia fulani ya mauzo, na sehemu ya hiyo inaenda kwa benki yenye ilikupa kadi. Makato ya kadi kwa kawaida yako juu ya ile 0.55% muuzaji anakatwa kwa till ya Lipa na M-Pesa. Duka nalo halitakula hasara, litaweka kwa bei. Fungu la pili linatoka kwa wasee kama mimi, wenye wanashindwa kumaliza deni kwa wakati. Kuna mtu Kilimani, mshahara wake haucheleweshwi, anapitisha kila kitu kwa kadi, analipa yote kabla tarehe ifike, na mwisho wa mwaka anajinunulia viatu na kashibaki. Simchukii. Lakini kamba moja ya hivyo viatu nimelipia mimi.

Halafu angalia vile kadi inakusukuma. Mama mboga hana mashine ya kadi. Konda hana. Kibanda cha chapo hakina. Ukianza kufukuzia kashibaki, unaacha nyanya za mbao pale karibu na keja, unaenda kununua za supermarket zimefungwa kwa plastiki, ati ndio urudishiwe shilingi moja.

Lakini usidhani natetea Sacco. Slow yao nayo ina bei. Sacco nyingi haziko zenyewe ndani ya mfumo wa malipo wa Benki Kuu, zinapitia benki ya biashara. Mabenki yako na PesaLink tangu 2017, unatuma mpaka Sh999,999 na inafika papo hapo. Pesa ya Sacco inaweza kupita milango miwili mitatu kabla ikufikie kwa simu, na kila mlango una ada yake. Juu ya ada kuna ushuru wa 15%, tangu Sheria ya Fedha ya 2023. Mswada wa 2024 ulitaka kuupeleka 20%. Juni ile unaikumbuka, na kama ulikuwa mtaani unaikumbuka zaidi. Mswada ukaondolewa, lakini ukitaka kujua kwa nini watu walichemka juu ya kitu inaonekana ndogo hivyo, hesabu mara ngapi kwa wiki unatuma pesa.

Na kuna ile kubwa. Mwanzo wa 2025 wakenya walisomewa matokeo ya ukaguzi wa KUSCCO, ule muungano wa Sacco. PwC walipata shimo la Sh13.3 bilioni. Sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa za wanachama huko, pesa za walimu, manesi, makarani, watu kama mathe. Sasa fikiria: wewe unaambiwa huwezi kutoa thao kumi zako bila barua na siku 60, lakini huko juu mabilioni yalitoka na hakuna mtu aliulizwa fomu.

Ukiweka pesa benki, shirika la KDIC linakulinda mpaka Sh500,000 benki ikianguka. Sheria ya Sacco ya 2008 ilizungumzia mfuko kama huo wa wanachama wa Sacco, mpaka Sh100,000, lakini umekaa kwa karatasi miaka na miaka. Kwa hivyo kabla ujiunge mahali, angalia kama Sacco iko kwa orodha ya SASRA ya wenye leseni, wanaitoa kila mwaka. Na siku ya mkutano mkuu enda, si ya soda na nauli tu. Uliza pesa zetu mmeziweka wapi. Watakuangalia vibaya. Uliza tu.

Mimi saa hii nimefanya nini? Kadi nimeimaliza, ilinichukua miezi saba na marathon kadhaa za githeri. Sijaikata. Iko kwa droo, natumia kulipa intaneti peke yake, na pesa ya hiyo intaneti huwa tayari iko kando kabla nipitishe. Kashibaki yangu mwezi uliopita ilikuwa shilingi thelathini. ATM na kadi ya krediti, mimi na hiyo tuliachana. Na mtu akinipea fomu ya udhamini naomba kuona kiasi, miezi ya kulipa, na wadhamini wengine ni nani, hata kama tunakula madondo yake. Nimekuwa mtu boring, nakubali.

Msee wangu naye amepata kazi, Athi River, na ameanza kulipa tena. Sh4,000 kila mwezi, hajaruka hata moja. Nilikuwa nimeanza kuhesabu ni lini nitapata ruhusa ya kuhama na laki yangu. Halafu juzi usiku akanitumia meseji. Anataka kuchukua mkopo mwingine kwa Sacco ile ile, amalizie wa zamani na abaki na kidogo cha kununua pikipiki ya kwenda kazi. Wadhamini wanaohitajika ni watatu, na amepata wawili.

Meseji bado iko hapo, tiki mbili za bluu. Sijamjibu.