Lawama za Vishada Ziwaendee Wenye Viwanda

Wako watawala ambao wakiona hatari karibu na mtoto humkamata mtoto na kuiacha hatari. Ndivyo mchezo wa kupiganisha vishada ulivyotendewa kwa miaka mingi katika jimbo la Punjab, nchini Pakistani.

Kishada cha huko si kile cha mtoto wa Pwani, kirushwacho kwa kutazamwa tu. Lahore, Ahmedabad na Kabul, kishada cha karatasi na fito za mianzi ni silaha. Uzi wake wa pamba hupakwa uji wa wali uliochanganywa na unga wa vioo, ukaanikwa hata ukawa mkali. Wachezaji wawili, kila mmoja juu ya paa lake, hukutanisha nyuzi angani. Huyu huvuta ghafla, yule hulegeza, na ustadi wote umo vidoleni. Uzi mmoja ukikatika, kishada huyumba na kwenda na upepo. Hapo huwadia zamu ya wasio na fedha ya kununua. Watoto wa vichochoroni hukikimbilia wakiwa na fito ndefu na matawi ya miiba, na desturi haina ubishi: akikamataye ndiye mwenyewe. Aliyekipoteza, awe tajiri namna gani, hana dai. Ni michezo mingapi ambamo mali ya mwenye nacho humwangukia asiye nacho bila ya deni wala kesi?

Uzi wa pamba ulikata vidole, na pengine zaidi ya vidole. Lakini mambo yaligeuka viwanda vilipoleta nailoni, na wengine wakatumia hata waya wa chuma. Nailoni haikatiki upesi. Ikitanda barabarani, kinachokatika ni koo la mwendesha pikipiki. Waya ukiangukia nyaya za umeme huzima mitaa na waweza kumwua aushikaye. Nchini India uzi wa nailoni huitwa wa Kichina, ingawa viwanda vya India vyenyewe huutengeneza. Jina hilo limekuwa kichaka cha kujifichia.

Watetezi wa marufuku husema watu wamekufa. Ni kweli wamekufa, na ye yote awajibuye waliofiwa kwamba hiyo ni mila hastahili kusikilizwa. Mahakama ya Juu ya Pakistani iliingilia kati mwaka 2005, na tangu 2007 sikukuu ya Basant, ya kuupokea msimu wa maua, ilikoma mjini Lahore. Je, vifo vilikoma? Machi 2024, miaka 17 baadaye, kijana aliyekuwa juu ya pikipiki aliuawa na uzi mjini Faisalabad. Kishada kilipigwa marufuku. Uzi uliendelea kuuzwa.

Ofisa ye yote wa serikali anaijua sababu. Kumkamata kijana juu ya paa ni kazi ya dakika kumi, na idadi ya waliokamatwa hupendeza katika taarifa ya mwezi. Kulifuata bunda la nailoni mpaka ghalani, na kutoka ghalani mpaka kwa mwenyewe, huenda kukaishia kwa mtu anayefahamiana na wakubwa. (Taliban walipoukataza mchezo huu huko Kabul kabla ya mwaka 2001, angalau hawakujisingizia kuokoa koo la mtu.)

India iligusa penyewe mwaka 2017, mahakama ya taifa ya mazingira ilipopiga marufuku uzi wa nailoni nchini kote na kukiacha kishada kiruke. Ahmedabad bado husherehekea kila tarehe 14 Januari. Hata hivyo nailoni haijaisha, na ndege huanguka wakiwa wamekatwa mabawa, kwa kuwa katazo lisilofika kiwandani ni karatasi tu.

Mwishoni mwa mwaka 2025 Punjab nayo ilitoa sheria mpya ya kuuruhusu mchezo kwa masharti: muuzaji asajiliwe, na uzi wa chuma na wa kemikali usiuzwe. Masharti hayo ni mema, na yangaliwezekana tangu mwanzo. Lakini sheria hiyo hiyo imemkataza kurusha ye yote aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwenye duka amepata cheti chake. Mtoto amebaki chini, akitazama.